Usiende Peke Yako: Mwongozo kwa Mwanamke wa Eldoret Anayetaka Kuketi Panapoamuliwa Amani

Oktoba 2002, mazungumzo ya kuleta amani nchini Somalia yalifunguliwa mjini Eldoret. Tarehe 27 mwezi huo, viongozi wa makundi yaliyokuwa yakipigana walitia saini hapa hapa kwetu tamko la kusitisha uhasama. Mapema mwaka 2003 mkutano ukahamia Mbagathi, Nairobi. Uwakilishi ulihesabiwa kwa koo: koo kubwa nne, na fungu la tano la jamii ndogondogo. Katika hesabu hiyo mwanamke hakuwa na pake. Alikozaliwa walimwona mke wa watu. Alikoolewa walimwona binti wa watu.

Mwanamke wa Kisomali, Asha Haji Elmi, na wenzake walikuwa wamekwisha kukumbana na mlango huo miaka miwili nyuma, katika mkutano wa amani ya Somalia kule Arta, Djibouti. Hawakuzunguka wakiomba kila ukoo uwaachie nafasi. Walijitangaza kuwa ukoo wa sita, ukoo wa wanawake, wakadai haki yao kama koo nyingine, wakapata viti 25 katika bunge la mpito la watu 245. Januari 2004, katika safari iliyoanzia Eldoret, Asha akawa mwanamke wa kwanza kutia saini makubaliano ya amani ya Somalia, na hati ya mpito ikaandika kwamba asilimia 12 ya wabunge wawe wanawake.

Nimeanza hapo kwa sababu wanawake wengi wa mji huu huanza upande usiofaa. Mtu mwenye moyo wa kusaidia humwendea chifu peke yake, huomba aingizwe kwenye kamati ya amani kwa kuwa ana nia njema, na akiingizwa hujikuta ameketi pembeni akisaini karatasi ya mahudhurio. Nia njema haimpi mtu uzito mkutanini. Uzito hutokana na watu walio nyuma yako, jambo unalolijua kuwashinda wengine, na karatasi iliyoandikwa unachotaka.

Tafuta watu wako kwanza

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, kusanyeni kikundi cha wanawake wa jamii tofauti. Hapa Eldoret hilo si gumu kama linavyosikika. Langas, Huruma, Munyaka na Kapsoya zina Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Waluo, Wakisii na Waturkana wanaochota maji mahali pamoja na kupeleka watoto shule moja. Chama cha kuchangiana pesa, wauza mboga wa soko moja, wazazi wa darasa moja, akina mama wa kanisa au msikiti mmoja: popote panapowakutanisha mara kwa mara panatosha. Kikundi kikiwa cha kabila moja kitaweza kufanya mambo mengi mazuri, lakini siku mji utakapogawanyika kitavutwa upande mmoja, na upande wa pili hautakisikiliza tena.

Wajir ndiyo shule yetu kubwa katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za huko zilikuwa zikiuana, na hata sokoni mwanamke wa ukoo mmoja hakumuuzia wa ukoo mwingine. Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake waliamua kuanza na soko hilo. Walikubaliana kwamba yeyote anunue na auze kwa yeyote, wakaweka kamati ya kusikiliza malalamiko papo hapo. Soko lilipotulia ndipo walipowafuata wazee, kisha vijana, kisha serikali. Mwaka 1993 wazee walitia saini Azimio la Al Fatah, na kufikia 1995 kazi hiyo ilikuwa imezaa kamati ya amani na maendeleo ya wilaya nzima. Mfano wa Wajir ni mmoja wa mizizi ya kamati za amani tunazoziona leo kote Kenya. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood, na mwaka uliofuata Asha Haji Elmi akapewa hiyo hiyo.

Kikundi kikishatulia, kisajilini. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inaruhusu watu wasiopungua kumi kusajili kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Mtahitaji katiba fupi, kumbukumbu za kikao cha kuanzisha kikundi na majina ya viongozi. Cheti hicho ndicho kinachowawezesha kuandika barua kwa jina la kikundi, na barua ya kikundi hujibiwa pale ambapo maombi ya mtu mmoja husahauliwa.

Eldoret pia ni makao ya Rural Women Peace Link, shirika ambalo limewaunganisha wanawake wa mashinani wa Bonde la Ufa kwa miaka mingi. Waulizeni wanafanya nini katika wadi yenu kabla ya kuanzisha jipya.

Jua ni nani ameketi, na kwa sheria gani

Kamati za amani Kenya zina ngazi, kuanzia mashinani kwa chifu, kupanda hadi kaunti ndogo na kaunti. Sera ya taifa ya ujenzi wa amani, iliyopitishwa kama Waraka wa Bunge nambari 5 wa 2014, ndiyo inayozitambua, na baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2008 ilikubaliwa zienezwe nchi nzima. Kwa hiyo hatua yenu ya kwanza ni fupi: nendeni kwa chifu na mwombe orodha ya wanakamati wa lokesheni yenu. Hesabuni wanawake. Ulizeni walichaguliwa lini, katika baraza gani, na muhula wao unakwisha lini. Msipojibiwa, andikeni kwa naibu kamishna wa kaunti, ofisi ambayo wengi wetu bado tunaiita kwa DC. Ibara ya 35 ya Katiba inawapa wananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 ipo sheria inayoeleza namna ya kuziomba.

Mkigundua kwamba wanaume ni kumi na wanawake wawili, mnacho cha kushika. Ibara ya 27(8) ya Katiba inaitaka serikali ichukue hatua ili watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Inukuuni katika barua. Inukuuni pia Mpango wa Taifa wa utekelezaji wa Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, juu ya wanawake, amani na usalama. Kenya iliuzindua mara ya kwanza mwaka 2016, na kichwa chake kiliandikwa kwa Kiswahili: Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani. Azimio lenyewe lilipitishwa tarehe 31 Oktoba 2000, Namibia ikiwa mwenyekiti wa Baraza hilo. Afisa anayesoma barua inayotaja ibara na mpango wa serikali yake mwenyewe hawezi kusema mnaleta mambo ya wageni.

Mnapopendekeza majina, pendekezeni mawili au matatu kutoka jamii tofauti, na mseme wazi kwamba hao wanaripoti kwenu. Mwanamke mmoja katika kamati ya kumi na wawili huchoka, au huanza kuitikia kila kinachosemwa ili asionekane mkorofi. Wawili wakikaa pamoja, mmoja akikatizwa mwenzake humrudishia neno: "Mwenyekiti, mama alikuwa hajamaliza."

Mila itatajwa. Mtaambiwa kwamba katika kokwet, baraza la kijadi la Wakalenjin, wanaume ndio waliosema. Msibishane na wazee juu ya zamani. Wakumbusheni kwamba mila hizo hizo zilimpa mama mamlaka ambayo hakuna shujaa aliyethubutu kuyadharau. Kwa Wapokot, mshipi wa mama mzazi ni kitu kizito. Mwanawe anapotoka kwenda kwenye hatari, mama huuvaa kumlinda. Lakini semeni ukweli wote. Wanawake pia wamewahi kuwaimbia vijana nyimbo za kuwadharau kwa kutokwenda vitani, na wapo waliopika chakula cha waliokwenda kuchoma nyumba za jirani. Kazi hii si ya malaika. Ni ya watu wanaojua nguvu waliyo nayo na wanaoamua itumike wapi.

Andikeni mnachotaka

Hapa ndipo ninapotaka mkae zaidi, maana ndipo wengi wanapopoteza.

Januari 2008, Eldoret ikiwa bado inanuka moshi, wasuluhishi wakiongozwa na Kofi Annan, pamoja na Graça Machel na Benjamin Mkapa, walianza kazi Nairobi. Tarehe 1 mwezi huo kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji wetu, lilikuwa limechomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto waliokimbilia humo. Maelfu walikuwa wamepiga kambi katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza machafuko hayo, baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Mezani, kila upande ulikuwa na mwanamke mmoja miongoni mwa wajumbe wake wanne: Martha Karua upande wa serikali na Sally Kosgei upande wa ODM. Wote wawili walikuwa hodari, na wote wawili walikuwa pale kupigania chama. Hilo halikuwa kosa lao. Ndiyo kazi waliyotumwa.

Waliofanya kazi nyingine ni wanawake waliokuwa nje ya chumba. Vikundi vya wanawake vilikaa, vikabishana hasa, kwa kuwa nao walikuwa wamegawanyika kikabila na kivyama kama nchi yenyewe, kisha tarehe 25 Januari wakawakabidhi wasuluhishi hati moja yenye madai yao. Burundi ilikuwa hivyo hivyo: Julai 2000 wanawake wa vyama vyote walikutana Arusha, wakaandika mapendekezo, wakayafikisha kwa Nelson Mandela aliyekuwa msuluhishi, na mengi yakaingia katika mkataba uliotiwa saini Agosti. Katika nchi zote mbili, waliokuwa nje ya mlango waliingia kwa karatasi.

Kwa hiyo kikundi chenu kiwe na ukurasa mmoja. Si kumi. Andikeni mambo manne au matano, kila jambo likiwa na mahali, na mtu anayepaswa kulitenda. "Tunataka usalama" halimfungi mtu yeyote. "Tunataka taa na doria ya polisi kati ya stendi na soko kuanzia saa kumi na mbili jioni, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, aripoti kwa kamati kila mwezi" linamfunga mtu mwenye cheo. "Vijana wasitumiwe vibaya" ni maombi. "Majina ya wanaowalipa vijana wa boda kubeba mawe yapelekwe kwa Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano" ni hatua.

Katika ukurasa huo msiache ardhi. Uasin Gishu haijawahi kupigana bila ardhi kuwa chini ya ugomvi, iwe Burnt Forest mwaka 1992 au Kiambaa mwaka 2008. Lakini mazungumzo ya ardhi hufanywa na wenye hati, na hati nyingi zina jina la mwanamume. Mjane aliyefukuzwa shambani hakumbukwi wakati wa kugawa fidia kwa kuwa hakuna karatasi yenye jina lake. Ibara ya 60 ya Katiba inataka ubaguzi wa kijinsia katika mila zinazohusu ardhi uondolewe. Ulizeni kamati: waliorudi mashambani, wajane wangapi walirudi? Nani analima shamba la yule ambaye hakurudi? Maswali haya mawili yanajulikana zaidi na wanawake kuliko na mtu mwingine yeyote kijijini, na kamati isiyoyajibu inapatanisha nusu ya watu.

Siku ya kwanza kikaoni

Fika mapema, keti karibu na mwenyekiti, na uombe kumbukumbu za kikao kilichopita. Jitolee kuwa katibu endapo kuna nafasi, kwa kuwa anayeandika kumbukumbu ndiye anayeamua nini kitakumbukwa. Lakini usikubali ukatibu uwe sababu ya kutokusema. Ukiona kikao kinapangwa saa moja jioni, pinga siku hiyo hiyo. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kurudi Kipkenyo saa tatu usiku. Uliza nauli inalipwa na nani: wanakamati hawa hujitolea, na mtu asiye na nauli ndiye wa kwanza kuacha kuja. Kikundi kinaweza kumchangia mjumbe wake kutoka mfuko wa chama, na huo ni uwekezaji mzuri.

Weka daftari. Tarehe, mahali, kilichotokea, nani aliona. Uvumi uandike kama uvumi. Kabla ya kusambaza ujumbe wa WhatsApp unaosema kijiji fulani kinajipanga, mpigie mwanamke wa kikundi anayeishi kijiji hicho. Simu moja kama hiyo, kati ya watu wanaoaminiana kwa miaka, inafanya kazi ambayo polisi hawawezi, na hii ndiyo sababu kubwa ninayowasihi mchanganye kikundi mapema, wakati mambo ni shwari.

Kuna kesi ambazo kamati haina haki ya kuzisuluhisha. Ubakaji na unajisi ni makosa ya jinai chini ya sheria ya makosa ya ngono ya 2006, na mzee hawezi kuyamaliza kwa mbuzi wala kwa pesa. Aliyebakwa afikishwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, kisha ripoti ya polisi. Nambari 1195 hupigwa bure, usiku na mchana. Kamati ikianza kuzungumza fidia katika kesi ya mtoto, mjumbe wenu asimame, aseme kazi hiyo ni ya mahakama, na aitake kauli yake iandikwe.

Kutoka lokesheni hadi kwenye meza za dunia

UN Women ilihesabu kwamba kati ya 1992 na 2019, katika michakato mikubwa ya amani duniani, wanawake walikuwa asilimia 13 ya wajumbe wa mazungumzo, asilimia 6 ya wasuluhishi na asilimia 6 ya waliotia saini. Anayezisoma takwimu hizo akiwa Huruma anaweza kudhani Geneva na New York haziwezi kufikiwa. Zinafikiwa, kwa njia mbili hasa.

Ya kwanza ni ripoti. Kenya iliridhia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1984, na kila baada ya miaka kadhaa hujieleza mbele ya kamati ya wataalamu Geneva. Mashirika ya wananchi yanaruhusiwa kupeleka ripoti yao sambamba na ya serikali. Daftari lenu, likiwa na tarehe na mahali, linaweza kuwa aya tatu katika ripoti hiyo kupitia mtandao wa mashirika ya Nairobi. Mwishowe, mtaalamu wa Geneva anaweza kumuuliza balozi wetu juu ya wajane wa Burnt Forest kwa sababu mlimwandikia. Itifaki ya Maputo nayo, ambayo Kenya iliiridhia mwaka 2010, ina ibara nzima, ya 10, juu ya haki ya wanawake kuishi kwa amani na kushiriki katika kuilinda.

Ya pili ni mafunzo na orodha za wasuluhishi. Mwaka 2017 Umoja wa Afrika uliunda FemWise-Africa, mtandao wa wanawake wenye ujuzi wa kuzuia migogoro na kusuluhisha. Humo huingia mtu mwenye kazi inayoonekana: miaka kadhaa katika kamati, migogoro aliyoishughulikia, barua za wanaoweza kumshuhudia. Kwa hiyo tunzeni nakala ya kila kitu. Hapa nyumbani mahakama zina utaratibu wa usuluhishi, na wasuluhishi wake husajiliwa baada ya mafunzo; ni daraja zuri kwa anayetaka kazi hii iwe taaluma.

Usipuuze pia njia ambazo si za ofisini. Tegla Loroupe alitoka Kapenguria, akashinda mbio za marathoni za New York mwaka 1994, na kuanzia 2003 taasisi yake imewakimbiza pamoja vijana wa jamii zilizozoea kuibiana ng'ombe. Mji unaojiita nyumbani kwa mabingwa una wanawake wengi wenye majina ambayo vijana huyasikiliza kuliko ya wabunge. Waalikeni.

Neno moja la tahadhari juu ya ushindi. Somalia iliandika asilimia 12, lakini bunge lilipoundwa wanawake walioteuliwa hawakufika idadi hiyo. Waliotia saini waligawana viti kwa koo kama zamani. Mkipata kipengele, wekeni mtu wa kukifuatilia, mpeni tarehe ya kuripoti, na msivunje kikundi baada ya picha kupigwa.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Kamati zitaanza kuhuishwa kwa haraka miezi ya mwisho, wafadhili wakiwa wamefika na viti vikigawanywa kwa kujuana. Nendeni kwa chifu wiki hii, mkiwa wawili au watatu wa makabila tofauti, mkaombe orodha.